Kilichoandikwa Baada ya "Ila Tu"

Wapendwa, leo nitawaogopesha kidogo. Msinikasirikie. Mahubiri ya kufariji yapo na yana Jumapili yake, lakini mfano huu tangu uniingie kichwani juzi nikiwa nanyoa ndevu, umeninyima raha kabisa, na sioni kwa nini niteseke nao peke yangu.

Chukulieni kuna mji mdogo chini ya mlima, na mto unapita bondeni. Sasa, mto wa namna hiyo hauna adabu. Mvua inanyesha kule juu mlimani, huku chini jua linawaka, akina mama wameanika nguo, watoto wanacheza mchangani, halafu maji yanafika. Wingu hulioni, radi huisikii. Unasikia mngurumo tu, na ukishausikia, umechelewa.

Kwa sababu hiyo watu wa mji ule walikuwa na tovuti yao. Mnacheka nini? Hata sisi tunayo, ingawa ratiba ya kwaya iliyomo ni ya mwaka juzi. Ya kwao ilikuwa na habari za misiba na harusi, maji ya bomba yatatoka lini, mbuzi wa nani kapotea. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa moja. Kule juu alikuwepo mlinzi wa daraja. Akiona mto umejaa anampigia simu msimamizi wa tovuti, msimamizi anabonyeza kitufe, na simu ya kila mtu wa bondeni inalia: mto unakuja, pandeni juu.

Kwa sura tovuti ile ilitia aibu. Maandishi mekundu juu ya rangi ya njano, na picha ya mwenyekiti amefumba macho. Lakini simu zilikuwa zinalia.

Akaja msimamizi mpya, fundi kweli wa mambo hayo, akaomba aijenge upya. Wakamruhusu. Akajifungia na kompyuta yake, akahangaika nayo kwa moyo wake wote, na ilipotoka ilikuwa kitu cha kupendeza, hata mwenyekiti alikuwa amefumbua macho. Akasimama mbele ya mkutano wa mji akasema, "Ndugu zangu, hili ni toleo la majaribio. Bado halijakamilika. Naomba mlitumie, halafu mniambie ukweli. Kuna sehemu ya maoni pale. Nisemeni tu, mimi sina shida."

Watu wakapiga makofi. Mimi sina shida! Nani hapa ndani hajawahi kusema hivyo huku anaomba asiambiwe kitu?

Maana mtu yule alikuwa anaogopa, ndugu zangu. Hakuogopa mto, aliogopa maoni. Mji ule ulimjua tangu anatembea peku, na ile kazi aliyoiweka mbele yao ilikuwa ni kama kajianika yeye mwenyewe juani. Basi akajitafutia kinga. Akaipanga ile sehemu ya maoni ili imwonyeshe mwanzo tu wa kila ujumbe, mstari mmoja au miwili, na mengine yote yajifiche nyuma ya maneno mawili: soma zaidi.

Haya, na ninyi mnajua watu wetu tunavyoandika. Nani kati yetu anamwandikia mwenzake akaanza na lawama? Hatukulelewa hivyo. Tunaanza hivi: "Shikamoo kaka, pole na majukumu. Nyumbani hawajambo? Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu. Kwanza hongera sana kwa kazi nzuri, tovuti inapendeza mno, Mungu akuzidishie. Ila tu..."

Hapo maandishi yanakatika. Soma zaidi.

Na unaofuata: "Kaka, Bwana asifiwe. Kwa kweli umetuheshimisha mji mzima, hatukutegemea. Ila tu..." Soma zaidi. Na mwingine tena. Yeye anazisoma salamu, anazisoma sifa, anamsomea mkewe kwa sauti, kichwa kinavimba. Lakini alikuwa anaziona zile "ila tu" zimekaa pale pembeni, zinamtazama. Kidole kinasogea, kinafika, kinarudi. Anasema, nitazisoma kesho, nikiwa na nguvu.

Ujumbe mmoja tu ndio uliokuja bila salamu, na kwa kuwa ulikuwa mfupi, wote ulionekana. Ulitoka kwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama ambaye amewachapa nusu ya watu wa mji ule na nusu nyingine bado wanamkwepa njiani. Aliandika: "Umeharibu. Shuka bondeni ukaangalie simu za watu."

Basi! Fundi wetu damu ikachemka. "Mwanamke gani huyu hana hata salamu?" Akaufuta ule ujumbe, akamfungia mwalimu asiandike tena. Mnamwona mbaya? Ngojeni kwanza kumhukumu.

Mkewe siku moja akapita nyuma yake, akaona jina kwenye kioo. Akamuuliza, "Baba Tumsifu, hii ya mama yako umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Mama anatusalimia tu. Anasema tovuti nzuri."

"Mbona naona kuna maneno yamekatika hapo mwisho?"

"Mke wangu, mimi namjua mama yangu. Akianza kuandika hamalizi."

Mkewe akaenda zake jikoni.

Sasa niwaambie yeye asilolijua. Zile namba za simu za watu wa bondeni, zilizokuwemo kwenye tovuti ya zamani, hazikuhamia kwenye mpya. Waliokuwa wanapata tangazo ni wale waliojiandikisha upya, vijana wa upande wa juu ambao mto hauwahusu, na yeye mwenyewe. Muda mfupi nyuma mto ulikuwa umepanda kidogo, ukabeba kuku na masufuria, ukarudi. Siku ile alibonyeza kitufe, kioo kikaandika "Tangazo limetumwa", na simu yake ikalia mfukoni. Akaridhika. Simu yake si imelia? Basi za watu wote zimelia.

Ikaja siku yenyewe. Mchana, jua kali, amekaa barazani kwake juu kule, sahani ya wali mbele yake. Mlinzi wa daraja akapiga, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Mkubwa, huu sijawahi kuuona. Unabeba magogo. Unabeba mawe. Waambie watoke sasa hivi!"

Akabonyeza. Tangazo limetumwa. Simu yake ikalia. Akashusha pumzi, akavuta sahani, akatazama bondeni aone watu wanavyopanda.

Hakuna aliyepanda.

Aliliona paa la nyumba ya mama yake karibu na mto, na shuka za mama zimetanda kwenye kamba. Aliwaona watoto wanakimbizana na tairi. Alimwona fundi cherehani wa nyumba ya mwisho amekaa mlangoni, ameinama kwenye cherehani yake, anashona. Mji mzima wa bondeni unaendelea na mchana wake, umetulia kabisa. Wapendwa, mmewahi kuogopa kwa sababu ya utulivu? Kijiko kilimdondoka. Akampigia mama yake.

"Ee, mwanangu! Hujambo baba? Nilikuwa nakuwaza sasa hivi. Wajukuu zangu hawajambo? Tumsifu kile kifua..."

"Mama, toka nje!"

"Na mkeo mzima? Mwambie zile mbegu..."

"Mama! Mto unakuja! Kimbia mama!"

Mama akasema polepole, "Mto? Mbona simu haikulia? Si nilikuandikia, baba..." Na simu ikakatika.

Akashuka mlima mbio, ndala moja mguuni, nyingine hajui iliko. Na hapo ndipo, anakimbia, jasho linamwingia machoni, kidole chake kikabonyeza. Soma zaidi. Hiki ndicho alichokisoma:

"Ila tu mwanangu, siku ile mto ulipobeba kuku wangu simu yangu haikulia. Ya jirani nayo haikulia. Nimeona nikuandikie wewe peke yako, nisikuseme mbele za watu, maana najua ulivyoihangaikia kazi hii. Nasubiri jibu lako."

Nasubiri jibu lako! Na alikuwa anasubiri kweli, mama wa watu, anaanika shuka zake kando ya mto huku anasubiri jibu.

Akiwa katikati ya migomba, haoni mbele, akausikia ule mngurumo. Alipotokea upande wa pili hakukuwa na kamba ya shuka. Hakukuwa na paa. Palikuwa na maji ya rangi ya udongo, na magogo yanapita juu ya mahali alipozaliwa.

Alipiga magoti pale pale. Na alipokuwa amepiga magoti, akasikia filimbi. Filimbi ya shule, ile ya mwalimu wa zamu. Akageuka, akaona watu kwenye mteremko, wamelowa, watoto wanalia, na katikati yao yule mwalimu asiye na salamu. Mgongoni kambeba mama wa msimamizi wetu, mikono ya bibi imemkumbatia shingo. Kumbe tangu siku ile ya kuku mwalimu aliacha kuzitegemea simu. Kila mchana alikuwa anampigia mlinzi wa daraja yeye mwenyewe, na leo aliposikia, aliingia bondeni na filimbi yake, mlango kwa mlango, anawatukana watu mpaka watoke.

Lakini milango ilikuwa mingi na yeye ni mmoja, na umri umekwenda. Hakufika nyumba ya mwisho. Yule fundi cherehani alizikwa siku iliyofuata. Ujumbe wake ulikuwemo kwenye yale maoni. Unaanza, "Hongera sana kijana wetu." Mnajua unavyoendelea.

Mama yule akashushwa chini. Mwanawe akamkimbilia. Na mama ambaye maisha yake yote hajawahi kumwona mwanawe asimsalimie, mama ambaye hata maji yalipokuwa njiani aliulizia kifua cha mjukuu, siku hiyo hakusalimia. Alimtazama tu usoni, akamuuliza neno moja.

"Ulisoma?"

Na mimi nauliza, sisi tuliokaa humu kwenye kivuli, tumevaa vizuri: sisi tumesoma?

Mke wako alikuambia, mume wangu nashukuru kwa yote unayotufanyia, ila tu, na wewe ukaongeza sauti ya redio. Mtoto wako alianza, baba shikamoo, naomba nikwambie kitu, ukamwambia baadaye. Tunauita mkutano wa usharika, tunasema toeni maoni kwa uhuru, na yule mmoja anayesimama bila kutusifu kwanza tunamtafutia namna ya kumwondoa kwenye kamati. Tunajifariji kwamba simu yetu imelia. Mimi nimeshiba, basi mtaa umekula. Mimi nimesali, basi nyumba yangu imesali. Nani alishuka bondeni kuangalia?

Na sasa lile linaloniogopesha mimi hasa. Kila asubuhi Mungu anakuamsha. Anakupa pumzi, anakupa chai, watoto wanakwenda shule salama, na wewe unasema, Mungu ananipenda, anapendezwa nami. Ni kweli anakupenda. Lakini vipi kama hizo ni salamu? Vipi kama Baba yetu naye ni mtu wa adabu, anaanza na hongera, anaanza na habari za nyumbani, na miaka yote hii wewe unasoma mstari wa kwanza tu? Kuna neno amekuandikia wewe peke yako, asikuaibishe mbele za watu. Liko pale pembeni linakutazama. Anasubiri jibu lako, na jua linawaka, na nguo ziko kwenye kamba.

Mimi nimemaliza. Tutaimba, tutatoka, nami nitasimama pale mlangoni kama kawaida. Mtanipa mkono mmoja mmoja, na najua mtakachosema: "Mchungaji, ubarikiwe, mahubiri mazuri sana." Leo mkisema hivyo sitauachia mkono wako. Nitaushika na kukutazama, watu wa nyuma yako wasubiri, mpaka uniambie na hiyo iliyobaki.