Kwa Nini Radi Hushika Ncha ya Paa

Ninyi mnaoziba masikio kila ngurumo inapopita juu ya bati, shusheni mikono mnisikilize. Kulikuwa na wakati ambapo ngurumo ilitangulia na mwanga ukafuata. Radi aliteremka kutoka mawinguni kama mgeni mwenye adabu zake, akasimama juu ya nyumba za watu, akapiga hodi. Hodi yake ndiyo hiyo ngurumo. Aliyeitikia karibu, Radi aliingia kwake kwa mlango, akampa mkono.

Tatizo ni kwamba mkono wake ulikuwa wa moto. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kufika ardhini apumzike, maana mawinguni hakuna pa kukaa. Lakini aliyeshikwa na mkono ule hakubaki kusimulia, na nyumba yake iliteketea.

Mtasema, si wangenyamaza tu? Watu wa milima ile iliyo juu ya ziwa, wenye migomba hadi mlangoni, hawakujua kunyamazia hodi. Mtu angelala njaa, lakini kumwacha mgeni nje bila neno, hilo halikuwezekana. Na kati yao wote hakuna aliyemfikia Nyangoma. Alikuwa bibi kizee asiyeweza tena kuinuka kitandani, lakini hata mbuzi akijikuna mlangoni, yeye husema, "Karibu, pita ndani."

Nyangoma aliishi na Kokwijuka, mjane wa mwanawe. Kokwijuka hakujaliwa mtoto, na mumewe alipofariki, ndugu wa mume walitaka arudi kwao mikono mitupu. Nyangoma alikataa katakata. "Huyu ni mtoto wangu," aliwaambia, "na asiyemtaka asije tena kunywa pombe yangu." Kokwijuka hakulisahau neno lile. Kila asubuhi alipomwosha mama mkwe wake, moyo ulimjaa shukrani, na hakujua aitoe kwa njia gani.

Masika yalipokaribia, hofu ilimwingia. Mwaka uliopita jirani yao alikuwa ameitikia hodi, na sasa mahali pa nyumba yake palikuwa na majani tu.

"Mama," alisema, "mvua zinakuja. Radi akipiga hodi, nakuomba unyamaze."

"Nitajaribu, mwanangu. Lakini mdomo huu umeitikia wageni maisha yangu yote. Nakuambia kweli, mdomo utanitangulia kuitikia."

Basi mvua za kwanza zilipoanza, Kokwijuka alikaa mlangoni kutazama. Aliona kwamba Radi hashuki moja kwa moja. Hushuka hatua moja, husita, hugeuka kidogo, kisha hushuka tena, kama mtu anayeteremka njia ya utelezi asiyoizoea. Chini hakuona vizuri; alikuwa anasubiri kuitwa. Kilimani kulikuwa na mti mkavu uliosimama peke yake. Radi alipokaribia, uzi mwembamba wa mwanga uliinuka kutoka ncha ya mti ukampokea, naye akashuka papo hapo bila kutafuta mlango wa mtu. Mti ulikuwa umewahi kuitikia kuliko watu wote. Ila ulipasuka katikati, kwa sababu haukuwa na njia nzuri ya kumpitisha.

Kokwijuka akawaza ni njia gani isingepasuka. Chuma, alijua, hupita motoni kikatoka kizima. Alimwendea Nyangoma akamwomba mkuki wa marehemu baba mkwe wake, kitu pekee cha mzee kilichobaki nyumbani mle. Bibi aliutazama mkuki pale ulipoegemea ukutani.

"Alikuwa anatangulia yeye kuwapokea wageni," alisema. "Uchukue."

Kokwijuka alipanda paa la nyasi, akausimamisha mkuki kileleni, ncha ikatazama juu. Kisha akavua vikuku vyake vya waya vilivyomjaa miguuni tangu harusi, akavinyoosha kimoja kimoja, akaviunganisha kutoka kwenye mkuki kushuka nje ya nyumba. Waya uliishia kwenye upenu. Akasimama pale mvua ikimlowesha, hana kingine. Ndipo aliposikia akiitwa ndani. Nyangoma alikuwa ameitoa miguu yake nje ya blanketi, nayo ina vikuku vyake mwenyewe.

"Nivue na hivi," alisema. "Miguu hii haiendi ngomani tena."

Waya ukafika chini, na Kokwijuka akaufukia kwenye udongo mbichi kando ya migomba.

Jioni ile mawingu yalishuka yakafunika kilima. Kokwijuka alikaa kitandani akiushika mkono wa mama mkwe wake. Nyangoma alijua nani anakuja. Alibana midomo, akaibana tena, lakini mazoea yalimshinda, akafungua kinywa aseme karibu. Kabla neno halijatoka, mkuki uliitikia. Uzi wa mwanga uliinuka kutoka kileleni, Radi akaushika, nje kote kukawa kweupe, naye akapita kwenye waya hadi ardhini. Hakuwahi hata kupiga hodi. Ngurumo ilikuja baadaye.

"Anasema nini huyo?" aliuliza Nyangoma.

"Anashukuru, mama. Amepokelewa vizuri."

Bibi akamwitikia kwa sauti, "Karibu tena, ila upitie hukohuko juu." Na Kokwijuka alicheka mpaka akalia.

Na tangu siku hiyo Radi hutanguliza mwanga na kuacha ngurumo nyuma. Hushuka kwa hatua na kusita, na hushika kilele cha paa au pembe yake, mahali popote panapowahi kumnyooshea mkono. Ndiyo maana majengo ya siku hizi, shule na zahanati, yana ncha ya chuma juu na waya mnene unaoshuka ukutani hadi ardhini. Pasipo na njia hiyo, yeye huingia ndani kama zamani. Na katika milima ile, ngurumo ikipita na watu wakajikuta wazima, kina mama huinama wakagusa vifundo vya miguu yao, mahali pa vikuku, wakasema asante.