Bibi Petronia na Maji ya Towashi

Wamesimulia wazee wa imani, nao waliipokea habari hii kwa waliowatangulia, kwamba katika nchi ya Wanubi, zama zile makanisa yalipojipanga ukingoni mwa mto Nili, aliishi mjane mmoja mcha Mungu, jina lake Petronia. Mumewe Ammiano, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema mwenye ila moja tu: kila jambo kwake lilikuwa la kesho.

Ammiano huyu aliwahi kuanguka kutoka juu ya mtende akiangua tende, akavunjika mbavu, na watu wakamkatia tamaa. Pale kitandani akaweka nadhiri. Mungu akimwinua, ataiendea nchi takatifu, ateke maji ya chemchemi ile ambamo Filipo alimbatiza towashi, waziri wa malkia wa Kushi, na kuyaleta kanisani kwao. Kwani towashi yule alikuwa mtu wa nchi yao, na Wanubi wakimhesabu kuwa babu yao katika imani. Mungu akamwinua. Ammiano akasema atakwenda baada ya mavuno, kisha baada ya mafuriko ya mto, kisha baada ya kumwoza binti yao Tekla. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mauti yakamkuta nyumbani.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi ngumu. Kila Jumapili kasisi alisoma madhabahuni majina ya marehemu ili waombewe, lakini aliyekufa na nadhiri shingoni, jina lake halikusomwa mpaka atokee wa kuitimiza kwa niaba yake. Miaka minne Bibi Petronia alisimama upande wa wanawake akisikiliza. Lilisomwa jina la jirani, likasomwa la yule mlevi wa karibu na kisima, la Ammiano likarukwa. Lilimuuma sana jambo hilo. Mwaka wa tano akafunga mzigo wake, akachukua viriba vitatu vya ngozi, akaenda kuaga.

Kasisi wao, Baba Mariano, alimbariki, kisha akamwonya. "Mama Petronia, ukirudi utaweka mkono juu ya Injili, useme: Nimeona, nimeteka, ndiyo haya. Bila hayo sitaweza kulisoma jina."

"Hayo nitayasema, baba," akajibu. "Mimi naiogopa miguu yangu tu."

Akasafiri miezi mingi hata akafika Yerusalemu, akajiunga na mahujaji wengine. Aliyewaongoza alikuwa mtu wa Sham, akiitwa Abdulmasihi, mwenye ulimi mwepesi na punda mzito. Aliwapitisha penye Kaburi Takatifu, akawapandisha mlima wa Mizeituni, akawashusha Bethlehemu, na kila walipofika alinyoosha fimbo yake na kusema, "Hapa hasa, enyi mahujaji!" Bibi Petronia alibusu mawe mpaka midomo ikachubuka, na moyo wake ulijaa furaha tupu.

Walipoelekea kusini wakafika penye chemchemi iliyojengewa kanisa zuri. "Hapa hasa," akasema Abdulmasihi, "ndipo Filipo alipombatiza towashi." Bibi Petronia alianguka kifudifudi akalia kwa sauti, akimwita mumewe kwa jina. Akajaza kiriba kimoja, akakifunga, akaona kazi imekwisha.

Siku mbili baadaye wakafika penye chemchemi nyingine. Palikuwa na pango, na mtawa mmoja mwembamba aliyekuwa akila mkate mkavu. Abdulmasihi akanyoosha fimbo. "Hapa hasa ndipo Filipo alipombatiza towashi."

Bibi Petronia akadhani masikio yamemdanganya. "Bwana Abdulmasihi, juzi si ulituonyesha?"

"Niliwaonyesha, mama."

"Kwani towashi alibatizwa mara mbili?"

"Astaghfirullah, mama! Ubatizo ni mmoja."

"Mbona chemchemi ni mbili?"

Abdulmasihi akajikuna ndevu. "Mimi huonyesha kama nilivyoonyeshwa. Watawa wa kule husema ni kule, wa huku husema ni huku. Nikimkanusha mmoja, mwaka ujao hanifungulii mlango."

Kuuliza si ujinga, Bibi Petronia akamwendea yule mtawa. Mtawa akaapa kwamba wale wa kanisa zuri ni wazushi, na kwamba yeye ameishi pangoni pale miaka thelathini na hajawahi kusema uongo. Uso wake ulikuwa uso wa mtu wa kweli. Bibi Petronia akamnywesha punda maji ya kiriba cha pili, akakijaza hapo. Machozi safari hii yalikuwa machache.

Wakashika njia ya Gaza. Huko, katikati ya mchanga, wakakuta dimbwi lenye ngamia wanaokunywa, na wachunga ngamia wakawaambia kwamba towashi alibatizwa papo hapo. "Maandiko si yanasema njia ile ni jangwa?" akasema mmoja wao. "Huko mlikotoka kuna mizabibu. Jangwa ndilo hili." Hili ndilo lililomvuruga Bibi Petronia kuliko yote, maana kule kwa kwanza palikuwa na kanisa, kule kwa pili palikuwa na mtu mtakatifu, na hapa palikuwa na hoja. Akajaza kiriba cha tatu. Hakulia. Alikaa kando akiwatazama ngamia, asijue amshukuru Mungu au amuulize.

Gaza, katika nyumba ya wasafiri, viriba viwili vikaanza kuvuja. Ikambidi apunguze maji ya kile kimoja kilichokuwa kizima, amimine humo yaliyosalia ya vile viwili. Abdulmasihi alipoona akapiga makofi kwa furaha.

"Umeokoka, mama! Sasa ya kweli yamo humo, yawe ni yapi. Weka mkono juu ya Injili, useme ndiyo haya. Hutakuwa umesema uongo."

Bibi Petronia akaona kweli, ni neno la busara. Akacheka, akanunua tini, akamsimulia muuzaji habari ya safari yake. Yule mama muuza tini akashangaa. "Maji ya towashi? Marehemu bibi yangu alikuwa akisema ni huku pwani, nyuma ya bustani za komamanga."

Bibi Petronia akaiweka tini chini. "Ee Mola wangu," akasema, "maji yamechanganyika, na mimi nimechanganyikiwa."

Hakuwa na kiriba cha nne wala siku za kuongeza, kwani msafara wa Misri ulikuwa unaondoka. Akarudi. Njiani kiu ilimtesa, lakini hakukigusa kile kiriba. Alijizoeza yale maneno hatua kwa hatua. Nimeona, hilo lilitoka. Nimeteka, hilo nalo lilitoka. La tatu lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mara nyingine alijiambia, sema tu, nani atajua? Abdulmasihi hayupo, mtawa hayupo. Na Ammiano anangoja.

Akafika kwao, na Jumapili kanisa likajaa watu hadi nje. Tekla binti yake alisimama mbele, amevaa nguo nyeupe kwa ajili ya baba yake. Bibi Petronia akaweka mkono juu ya Injili.

"Nimeona," akasema. "Nimeteka."

 Baba Mariano akadhani mama amesahau neno la tatu, akamnong'oneza, "Ndiyo haya."

"Sijui, baba."

Minong'ono ikaenea. Akawaeleza yote, la kanisa, la pango, la ngamia, hata la bustani za komamanga. Mwanamke mmoja akashindwa kuvumilia. "Sema tu, mwenzetu! Umeteseka kiasi hicho!" Tekla alikuwa akilia waziwazi.

"Nampenda mume wangu," akasema Bibi Petronia. "Nampenda mno. Ndiyo maana siwezi kumpeleka mbele za Mungu juu ya neno nisilolijua." Akainama kukitwaa kiriba. "Nipe mwaka mwingine, baba. Nitarudi nikaulize vizuri."

Baba Mariano akaitazama miguu yake, jinsi nyayo zilivyopasuka. Yeye naye alichanganyikiwa, kwa sababu desturi aliyorithi ilijua nadhiri iliyotimizwa na nadhiri isiyotimizwa, haikujua hii. Akaketi. 

Hatimaye akauliza, "Mama, Filipo alipomkuta towashi garini akisoma, alimuuliza nini?"

"Alimuuliza kama anaelewa anachosoma."

"Akajibu nini?"

"Alisema haelewi, hana wa kumwongoza."

"Angesema anaelewa," akasema Baba Mariano polepole, kama mtu anayejifunza wakati anafundisha, "Filipo angemtakia safari njema, na gari lingepita maji yote. Alibatizwa kwa kuwa alikiri kwamba hajui." Akakipokea kiriba, akayamimina maji ndani ya birika la ubatizo. "Kama haya ni maji ya towashi, hata mimi sijui. Bali maneno uliyotuletea ni yake."

Kisha akafungua orodha ya marehemu, akasoma tangu mwanzo. Akasoma jina la jirani, akasoma la yule mlevi, akasoma, "Ammiano, mume wa Petronia."

Bibi Petronia akamgeukia mwanamke aliyesimama kando yake. "Amesema nani?"

"Ammiano."

"Nani?"

Yule mwanamke akamshika mkono, akalirudia jina sikioni mwake mara ya tatu.

Inasemekana Bibi Petronia aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mpaka anafariki hakujua ni chemchemi ipi. Wala sisi hatujui. Lakini jueni, wapendwa, kwamba kusema "sijui" ni rahisi pale ambapo hakuna unachokipoteza. Mwenyezi Mungu atujalie kulisema hata pale ambapo neno dogo la uongo lingetupa kile tunacholilia. Amina.