Barua Iliyomngoja Meletia

Inasimuliwa kwamba Jumapili moja, Siku ya Bwana, katika mji mmoja wa bandari zama za Warumi, nyumbani kwa Kalista walikuwapo Kalista mwenyewe na mtoto wake mchanga, mumewe Zosimo, mzee Arkadio aliyejua kuandika, na waumini wengine wa mtaa ule ambao majina yao Mungu anayajua. Wa mwisho kufika alikuwa Meletia, mjane aliyetia sufu rangi ya zambarau kwenye mapipa ya tajiri mmoja. Mungu awarehemu wote.

Desturi yao ilikuwa kila mmoja alete alichonacho, wale pamoja, ndipo waumege mkate wa Bwana. Lakini watia rangi hawakuachiwa kazi mpaka jua lizame. Siku hiyo wenye nafasi walichoka kungoja, wakala wakamaliza.

Meletia akaingia na zeituni chache kwenye jani la mtini. Rangi ile hutolewa katika konokono wa baharini, na harufu yake haiachi mwili.

"Karibu, mama," Zosimo akasema. "Harufu yako imefika zamani, tukajua na mwenyewe hatakawia."

Wakacheka. Kalista naye akacheka.

Meletia aliyatazama mabakuli matupu. Mtoto alikuwa akilia. Akamchukua, akambembeleza hata akalala, akamrudishia mama yake taratibu. Zeituni akaziacha mezani. Akaenda zake na njaa, wala hakurudi tena.

Baada ya majuma matatu Arkadio alikuwa akimwandikia mzee Lukiano, mwalimu wao aliyehamishwa ng'ambo kwa ajili ya imani, kumwuliza habari za siku za kufunga.

"Andika na habari za Meletia," Kalista akasema.

"Mke wangu, tujianike mbele ya mzee?" Zosimo akauliza.

"Tujianike. Andika kwamba nilimcheka, naye akanibembelezea mwanangu. Uliza tumrudisheje."

Arkadio akaandika. Wakaona wamekwisha kutubu, wakakaa kungoja jibu.

Miezi miwili ikapita. Jibu likaja limefungwa kwa muhuri wa nta, na juu yake mzee ameandika: "Isifunguliwe mpaka Meletia ameketi pamoja nanyi."

Kalista akamfunga mtoto mgongoni, akaishika barua, akaenda mbio. Nyumba ya Meletia ilikuwa nyuma ya kisima tu. Maji uliyoyateleka yasingepata moto kabla hujafika.

Aliyefungua mlango ni jirani.

"Meletia? Leo siku ya tisa tangu tumzike. Homa." Akamtazama Kalista. "Ninyi ndio wale wa mkate? Kila siku yenu ikifika alikuwa akisugua mikono kwa mchanga na majivu mpaka ngozi ikachubuka. Namwambia, shoga, hiyo haitoki. Ananijibu, ikitoka nitakwenda."

Kalista akaketi pale pale kizingitini, akalia.

Ndugu wapendwa, waja wale hawakuwa waovu. Waliungama kwa ukweli, ila waliungama kwa aliye ng'ambo ya bahari, na waliyemkosea alikuwa nyuma ya kisima. Mimi nikikisoma kisa hiki huikumbuka milango ninayoijua na sijaigonga.

Tangu hapo, nyumbani kwa Kalista watia rangi walingojwa. Barua ile haikufunguliwa.