Gari la Faki Ndole na Kikombe cha Ukaguzi

Hapo zamani, na msiniulize ni zamani gani iliyokuwa na masultani na magari kwa pamoja, maana mimi nilipomuuliza bibi yangu alinitoa jikoni, palikuwa na Sultani wa mji wa Kilimbuni aliyeitwa Mahfudhi. Sultani huyu alipenda nguo nyeupe, na moshi wa magari ukawa unampaka masizi kila atokapo. Basi akapiga mbiu: kila gari liletwe uwanjani likaguliwe. Bomba la moshi lifungwe kitambaa cheupe, injini iwashwe, na mwenye gari amwekee mkaguzi kikombe cha kahawa, kila mtu kwa uwezo wake. Kikombe kikiwa kitupu, kitambaa kifunguliwe. Kitambaa kikiwa bado cheupe, gari limepita. Kikiwa cheusi, gari lipondwe kwa nyundo papo hapo.

Kazi ya ukaguzi akapewa Waziri Shaibu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tajiri akija, Waziri huigugumia kahawa mara moja, kikombe kitupu, kitambaa cheupe, nenda zako. Akija mnyonge, Waziri hukishika kikombe, akaonja, akasimulia habari za ujana wake, akaonja tena, na injini inanguruma mpaka inatapika masizi. Ikawa nyundo hazipumziki, na magari yaliyopondwa ni ya wanyonge watupu.

Sasa, juu kabisa ya mji, katika mtaa wa Mlimani usiokuwa na kisima, aliishi Faki Ndole, hohehahe ambaye watu walimwita punguani kwa ajili ya gari lake. Bodi lilikuwa la gari dogo la harusi, injini ya lori, magurudumu ya nyuma makubwa na ya mbele madogo, hata likisimama utadhani linatafuta kitu kilichoanguka. Mgongoni alilibebesha tangi la maji. Kila siku lilishuka mtoni na kupanda, na mtaa mzima ukapika na kuoga kwa maji yake. Likipondwa gari lile, watu wa Mlimani wangerudia kubeba ndoo kichwani katika ngazi mia tatu na kumi. Nimezipanda mimi ngazi hizo, sisimuliwi.

Ikafika siku ya mwisho ya ukaguzi. Faki na mkewe Mize, ambaye kwa injini alikuwa hodari kuliko mumewe, walikuwa wamelishughulikia gari kwa siku tatu. Walimwaga oili chafu wakatia nyingine, wakasugua plagi, wakafungua kabureta wakaiosha, wakakwangua bomba mpaka masizi yakajaa beseni. Kisha Mize akaliwasha, akasikiliza, akazima.

"Mume wangu, sitakuficha," akasema. "Likiwa baridi halitoi moshi. Muda wa kuchambua sinia moja la mchele, tuko salama. Likishapata moto, ringi za pistoni zimekwisha, oili itapita iungue iwe masizi, na hapo tumekwisha na sisi. Na yule Waziri anakunywa kikombe kimoja mpaka jua lizame."

"Sinia moja la mchele linanitosha," akajibu Faki. "Kahawa tunayo?"

"Kahawa ipi? Tangu juzi hatuna."

Faki akalichukua dele la kahawa, akaligeuza juu ya kikombe, akalikung'uta. Likatoka tone moja. Mize akalitazama lile tone, akamtazama mumewe, akahisi machozi yanamlenga, maana alidhani kichwa cha mtu wake kimeharibika kweli. Lakini Faki akakifunika kikombe kwa kitambaa kibichi, wakashuka mjini injini imezimwa, gari likiteremka lenyewe.

Walipofika ilikuwa saa saba mchana, jua la kuchoma utosi. Siku hiyo Sultani Mahfudhi mwenyewe alikuwa amekuja kushuhudia mwisho wa ukaguzi, ameketi chini ya mwavuli. Watu walipoliona gari wakaangua kicheko, na wapiga nyundo wakasogea karibu. Kitambaa kikafungwa, injini ikawashwa. Faki akakiweka kikombe juu ya sinia la shaba lililokuwa mbele ya Waziri, sinia lililoanikwa juani tangu asubuhi, kisha akakifunua.

Waziri akachungulia. "Ewe Faki, kahawa i wapi?"

"Hiyo hapo, Mheshimiwa Waziri. Tone moja."

"Wanidhihaki mbele ya Bwana wetu?"

"Sithubutu. Mbiu ilisema kila mtu kwa uwezo wake, na huo ndio uwezo wangu wote. Dele liko garini, mwaweza kulikung'uta."

Sultani akatabasamu, akasema, "Hayo ni maneno yangu mwenyewe. Endeleeni."

Basi Waziri akaona njia ya kumkomoa. Akajiegemeza, akakunja mikono, akasema, "Vema. Tone hili nitalinywa nipendapo. Huenda alasiri. Huenda magharibi. Na injini ingurume." Akaanza kusimulia safari zake za ujana.

Mize alikuwa akiisikiliza injini, na alijua sauti ile imeanza kulegea, oili inapata moto. Faki yeye macho yalikuwa kwenye kikombe. Waziri hajafika hata bandari ya pili katika hadithi yake, Faki akainama, akakiinua kikombe, akakipeleka mbele ya Sultani na kukipindua chini juu. Hakikudondoka kitu.

"Bwana wangu, kikombe ni kitupu. Naomba kitambaa kifunguliwe."

Waziri akaruka. "Sijainywa mimi!"

"Ni kweli, hakuinywa," akasema Faki. "Limelinywa jua. Mbiu yasema kikombe kikiwa kitupu. Haikusema kimalizwe na nani."

Sultani akakitazama kikombe, akaona alama kavu ya kahawa, akaamuru kitambaa kifunguliwe. Kikatoka cheupe. Na injini kabla haijazimwa ikakohoa, ikatoa wingu moja jeusi likauzunguka uwanja mzima.

Sultani akapangusa shavu, akatazama masizi kidoleni, akacheka mpaka mwavuli ukatikisika. "Faki, lau kahawa ingekuwa kikombe kizima?"

"Pangekuwa usiku mchana huu, Bwana wangu. Nami naomba ringi mpya, maana gari langu kweli linafuka. Lakini na magari ya matajiri yakipimwa kwa hadithi za Waziri, utayaona nayo yanavyofuka."

Basi yakarudishwa matatu, la kwanza likiwa la Waziri mwenyewe, naye akaamriwa asimulie safari zote mpaka mwisho. Vitambaa vyote vitatu vikatoka vyeusi ti. Sultani hakucheka tena, akawaashiria wapiga nyundo. Akampa Faki ringi mpya, na fundi wa kasri asaidiane na Mize, kazi ya siku nne.

"Na siku hizo nne Mlimani watakunywa nini?" akauliza Mize.

Sultani akageuka, akamtazama Waziri Shaibu.

Basi kwa siku nne Waziri alipanda ngazi mia tatu na kumi, ndoo kichwani, asubuhi na jioni, na akina mama wa Mlimani wakimpokea kwa heshima zote, wakimsihi apumzike kidogo na awasimulie habari za ujana wake. Hakupata pumzi ya kusimulia hata moja.