Kwa Nini Kitanda Kina Mvungu

Zamani hizo, dunia ilipokuwa bado haijajifunza kubanana, ardhi ilikuwa bwerere na kila kitu kilikuwa na nyumba yake. Si kila mtu, kila kitu. Jembe lilikuwa na nyumba. Chungu kilikuwa na nyumba. Vinu vilikuwa na nyumba yao, na michi, kwa sababu ilisemekana haielewani na vinu, ilijengewa yake pembeni. Palikuwa na nyumba ya mbegu, nyumba ya kuni kavu, nyumba ya kuni mbichi, na nyumba ya wageni ambao hawajafika na pengine hawana hata habari kwamba wanangojewa. Ninyi mnaonuna kwa kulala watatu kwenye chumba kimoja, sikilizeni kwanza habari za waliokuwa na nafasi.

Nchi yenyewe iliitwa Tambarare, na watu wake walimpima mwanamume kwa mapaa. Aliyetaka kujua ukoo fulani una heshima kiasi gani hakuuliza mtu; alisimama njiani akayatazama mapaa yao. Tena mwenye boma hakuinama. Kitu kikimdondoka, kiliokotwa na mke au mtoto, yeye akaendelea kutazama mbele. Na vitanda vya siku hizo havikuwa na miguu. Kitanda kilikuwa miti minne iliyosukwa kamba, ikalazwa chini, mtu akajilaza juu yake. Neno mvungu halikuwapo, maana chenyewe hakikuwapo.

Palikuwa na desturi moja zaidi, na hiyo ndiyo iliyoua watu. Nyumba zote za boma zilipaswa kufagiwa kabla jua halijagusa mapaa. Nyumba isiyofagiwa waliiita yatima, na boma lenye yatima lilisemwa kisimani, lilisemwa shambani, lilisemwa hata msibani. Kufagia ilikuwa kazi ya mke. Kujenga ilikuwa kazi ya mume, na waume wa Tambarare hawakuwa wavivu hata kidogo.

Sikudhani aliolewa na Kibwana akiwa msichana mwenye nguvu na kicheko cha karibu. Siku ya kuingia bomani, mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, alimkabidhi fagio kwa mikono miwili. Mgongo wa Bi Mwanamvua ulikuwa umekunjika kwa miaka ya kufagia, na akitaka kumtazama mtu usoni ilimbidi ageuze shingo kama kuku anayesikiliza. Sikudhani aliliona hilo, lakini bibi harusi haoni mambo yote kwa siku moja. Alipokea fagio akasema ahsante.

Kicheko kilikuwa cha kwanza kuondoka. Kila Kibwana alipopata kitu, alikijengea. Alipata mzinga wa asali, akaujengea. Alipewa ngozi ya mbuzi, akaijengea. Sikudhani akawa anaamka nyota zingali angani, anainama, anafagia, ananyooka, anatembea hadi nyumba inayofuata, anainama tena. Mimba yake ya kwanza ilitoka ndani ya nyumba ya mbegu. Ya pili ilitoka njiani, kati ya vyungu na kuni. Mara zote mbili alizika, akanawa, na kesho yake akashika fagio, kwa kuwa mapaa hayakufiwa na mtu. Uchovu ukamwingia hadi mahali ambapo usingizi haufiki. Alilala amechoka, akaamka amechoka, akala amechoka.

Alipobeba mimba ya tatu, Bi Mwanamvua alimfuata kwenye nyumba ya vinu akamshika mkono uliokuwa na fagio.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilizifagia nyumba hizi zikiwa chache kuliko sasa, na huyo Kibwana unayemwona ni mmoja tu aliyekubali kubaki tumboni. Wengine wako kule nyuma ya migomba. Hiki ulichobeba hakitangoja uchovu wako uishe. Kaseme na mumeo."

Sikudhani akaenda kusema. Hakuwa na maneno mengi. Mchovu hapigi hotuba.

"Bwana," alimwambia, "nimechoka. Naogopa na huyu atatoka."

Tusimwonee Kibwana. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda mke wake kwelikweli, ila alimpenda kama watu wa Tambarare walivyojua kupenda. Alimsikiliza hadi mwisho, akakuna ndevu, akaguna kwa huruma, akachukua shoka akaenda porini. Siku zote zilizofuata alikuwa akikata nguzo, akifunga fito, akikandika udongo, jasho likimtiririka, wala hakutaka kuambiwa apumzike. Kazi ilipokwisha alimshika mkewe mkono, akampeleka mbele ya nyumba kubwa kuliko zote bomani, yenye kipenu mbele na paa linaloonekana tokea mtoni.

"Nimekujengea nyumba ya kupumzikia," alisema. "Ukichoka, njoo ukae humu."

Sikudhani aliitazama sakafu yake. Udongo mkavu ulikuwa umeanza kupukutika kutoka ukutani.

"Na hii nayo," aliuliza, "nani ataifagia?"

Kibwana hakulielewa swali. "Si wewe? Nyumba ni yako."

Kesho yake Sikudhani alizifagia zote, na mwishoni akaifagia nyumba ya kupumzikia, huku akiwa amechoka mno hata asiweze kupumzika humo. Alikuwa ameinama kwenye kona ya mwisho aliposikia kiuno kinamkata, akaona tone la damu mguuni. Aliliacha fagio pale lilipoangukia, akatoka polepole huku amejishika tumbo, akaingia kwenye nyumba iliyokuwa karibu kuliko zote, akalala chini. Ilikuwa nyumba ya chumvi.

Nyumba ya chumvi ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote bomani. Chumvi haitaki unyevu, kwa hiyo walikuwa wameibana, kuta nene, paa dogo, mafiga matatu karibu na mlango ili moto uikaushe hewa. Bi Mwanamvua alipomkuta humo alimletea kitanda, na kitanda kilipolazwa kilijaza sakafu yote isipokuwa upenyo wa kupitishia miguu. Sikudhani akajilaza. Akinyoosha mkono huu aligusa maji. Akinyoosha ule alisukuma ukuni motoni. Kufagia kwenyewe kulikwisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Damu ikakoma. Alilia siku hiyo, si kwa uchungu, bali kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu aolewe hapakuwa na nyumba inayofuata.

"Sitoki," alimwambia mama mkwe. "Mwambie mwanao sitoki."

Maneno yakazagaa Tambarare nzima. Mke wa Kibwana kahamia kwenye chumvi! Kisimani wanawake walicheka hadi wakamwaga maji. "Mwacheni," walisema, "akitoka humo atakuwa amekolea." Kibwana alikuja mlangoni akabembeleza, akakasirika, akabembeleza tena, na mwisho akaondoka akisema moyoni kwamba mtu hawezi kukaa ndani ya kikopo maisha yake yote. Angemngoja. Mapaa yake yakaanza kuwa yatima moja baada ya jingine, buibui wakahamia, na Kibwana akawa anapita njia ya nyuma ili asikutane na watu.

Humo ndani mambo hayakuwa mteremko. Tumbo lilikua, na kila Sikudhani alipolala pale chini, kuinuka ilikuwa kazi ya watu wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa Bi Mwanamvua, ambaye mwenyewe alihitaji wa kumwinua. Asubuhi moja walivutana hadi wote wakaanguka kitandani, wakabaki wamelala hapo wakihema.

"Kosa si letu," alisema Bi Mwanamvua. "Kosa ni la kitanda. Kiko chini mno."

Yule mama akaenda kwenye nyumba ya vinu. Kuvibeba asingeweza, akavibingirisha kwa mguu kimoja kimoja hadi mlangoni. Wakavipindua mdomo chini, kimoja kila pembe, wakainua kitanda pembe baada ya pembe, wakipumzika katikati, hadi kikakaa juu ya vinu vinne. Sikudhani aliketi ukingoni, miguu ikagusa sakafu, akasimama mwenyewe bila kushikwa. Akaketi tena, akasimama tena, kama mtoto aliyepata mchezo.

Bi Mwanamvua, ambaye mgongo wake ulimweka karibu na ardhi kuliko watu wengine, alikuwa akitazama kwingine kabisa. Alikuwa akitazama chini ya kitanda.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hapa chini pana nyumba."

Nafasi ilikuwapo siku zote, ila ilikuwa imelaliwa. Wakaanza kuijaza. Vyungu vikaingia, vya kutumika tu, si vile vya kutazamwa. Mbegu zikaingia, na majembe, na mkeka wa mgeni. Juu ya mafiga wakatundika kichanja cha mahindi, ili moshi unaopotea bure ufanye kazi. Ukutani wakachimba vidaka, kimoja cha taa, kingine cha miiko. Kila kitu walichotaka kukiingiza, Sikudhani alikishika kwanza akajiuliza kama kinastahili kuinamiwa, na vingi havikustahili. Vilibaki huko nje kwenye nyumba zao, navyo havikulalamika.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha na Kibwana akataka jembe. Alikwenda kwenye nyumba ya majembe akakuta nyumba ina mwangwi tu. Akaja hadi kwenye nyumba ya chumvi, akaingia, na kwa vile hapakuwa na mahali pa kusimama mbali, akasimama karibu na mkewe kuliko alivyopata kusimama kwa muda mrefu. Sikudhani alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Bi Mwanamvua alikuwa akipepea moto.

"Nataka jembe langu," alisema Kibwana.

"Lipo," alijibu Sikudhani. "Lipo hapa chini."

"Nipe."

"Siwezi kuinama, bwana. Nikiinama huyu atatoka. Na sasa hivi anacheza."

Kibwana akamgeukia mama yake. Bi Mwanamvua hakuacha kupepea moto.

"Usinitazame mimi," alisema. "Mimi kuinama kwangu nimekumalizia kwenye nyumba zako. Mtaka cha mvunguni, mwanangu, sharti ainame mwenyewe."

Hilo neno, mvunguni, lilitamkwa hapo kwa mara ya kwanza. Kibwana hakuwahi kulisikia, lakini alilielewa. Nje mvua ilipiga, na wakati wa kupanda haumngoji mtu mwenye shingo ngumu. Alifikiria kumwita mtu, akakumbuka kwamba mtu huyo angekwenda kusimulia. Mwishowe akapiga goti moja, kisha la pili, akainamisha kichwa chake cha mwenye boma hadi shavu likakaribia sakafu, akanyoosha mkono kutafuta jembe.

Hakulipata mara moja, kwa sababu mbele ya macho yake palikuwa na miguu ya mke wake. Ilikuwa imevimba hadi vifundo havionekani. Visigino vilikuwa vimepasuka, mipasuko mirefu iliyojaa vumbi jeusi la zamani, vumbi la nyumba ya vyungu na la nyumba ya vinu na la nyumba zote alizojenga kwa mikono yake. Alikuwa ameishi na miguu hiyo miaka yote. Alikuwa akiisikia tu ikipita.

Kibwana aliuliza kutoka kule kule chini. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema Sikudhani. Hakusema kwa hasira. Hasira inahitaji nguvu. "Nilikuambia, ukanijengea nyumba."

Kibwana aliona aibu, aibu ile isiyo na mahali pa kuegemea. Hakulichukua jembe. Alitoka nje kwenye mvua, akarudi na beseni la maji akayatia motoni, yalipopata moto akapiga magoti tena, na mara hii hakuna aliyemwambia. Aliosha kisigino kimoja, kisha cha pili. Bi Mwanamvua alijifanya hamwoni, ingawa mle ndani palikuwa padogo mno kwa mtu kujifanya haoni.

Mtoto alitimiza miezi yake. Alizaliwa juu ya kile kitanda cha vinu, msichana, akalia kwa nguvu kama mtu aliyedhulumiwa, na waliokuwamo wote wakakaa kitanda kimoja kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa. Siku chache baadaye vinu vikahitajika kwa kutwanga. Kibwana akachukua tezo yake akachonga miguu minne ya mti, na kwa kuwa hakuwa amewahi kuona mguu wa kitanda, aliiga vile vinu alivyoviona: mipana juu, mipana chini, imebana kiunoni. Zile nyumba nyingine zilibaki kwa mbuzi, kisha kwa nyasi. Nyumba ya kupumzikia ndiyo iliyoanguka kwanza. Waliokuwa wakicheka kisimani walikuja mmoja mmoja kuazima tezo ya Kibwana.

Na tangu siku hiyo vitanda vina miguu, na mafundi huikereza ikabana katikati kama kinu bila kujua kwa nini. Tangu siku hiyo watu huishi chumba kimoja na sanduku, gunia la mchele, ndoo na viatu vya Idi, vyote viko mvunguni, na maisha yanakwenda. Uchovu haujaisha duniani, msidanganyike. Hata mvungu hukusanya vumbi. Lakini mwenye mimba hatumwi mvunguni, wala mzee hatumwi. Huinama yule mwenye nguvu zake, na akifika kule chini, kabla mkono haujakigusa alichokifuata, macho yake hukutana kwanza na miguu ya aliyeketi juu.