Jina la Ndiva

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, milimani Upareni aliishi mchoraji aitwaye Mrindoko. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuchora bonde la kwao kwa rangi za maji. Vuli anachora, masika anachora, kiangazi anachora. Watu walimcheka wee, wakasema mwenzetu analima karatasi. Mkewe, Namvua, ndiye aliyemtekea maji ya rangi, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa mke wa mchoraji, basi.

Siku moja Mrindoko alimaliza picha ya bonde zima, akaitazama, akaichukia, akaamuru ichomwe. Namvua akaitikia haya, kisha akaenda kuificha darini. Wanaume mlio hapa, msijidai hamjui haya za namna hiyo.

Miaka ikapita. Macho ya Mrindoko yakaingia ukungu, na mtoto hawakujaliwa. Mvua moja ya masika ikaporomosha mlima, ikafukia chemchemi pamoja na miti na njia iliyoelekea huko. Ndiva, lile bwawa lao la kumwagilia, ikakauka. Migomba ikanyauka. Watu wakaanza kufunga mizigo wahamie tambarare.

Hapo Namvua akaitoa picha. Wazee wakaona mlima, wakaona mwamba mkubwa ambao bado umesimama, na kando yake doa tupu. Wakasema hapa rangi ilimwishia.

"Haikumwishia," Namvua akasema. "Mume wangu nyeupe haipaki, huacha karatasi wazi. Hapo palipoachwa ndipo maji yalipong'aa."

Basi wakapima kutoka kwenye mwamba, wakachimba. Siku ya kwanza walichimba wote. Siku ya pili, nusu yao. Siku ya tatu akabaki mmoja, Kisaka, mtu wa kuja aliyelala kwenye banda la watu, asiye na hata shubiri ya ardhi. Akachimba ya nne, akachimba ya tano. Siku ya sita maji yakamrukia usoni. Watu wakalia kwa furaha, na mizigo ikafunguliwa.

Sasa, huko kwao ndiva huitwa kwa jina la aliyeleta maji. Jina moja tu, na mwenye jina hupewa shamba la kwanza chini ya mfereji. Wakaketishwa wote watatu.

Mrindoko akasema, "Mimi niliona mahali pale, nikapaweka kama palivyo. Sina mtoto wa kubeba jina langu, na macho ndiyo haya."

Kisaka akasema, "Picha haichimbi. Mlipokata tamaa, mimi niliendelea. Nikipata shamba, nami nitakuwa mtu wa hapa."

Ikafika zamu ya Namvua. Wote walidhani atamwachia mumewe.

"Yeye alisema choma," akasema. "Na huyu asingejua pa kuchimba. Nimeishi hapa miaka arobaini. Nataka niitwe Namvua."

Mrindoko akacheka mpaka akafuta machozi, lakini dai lake hakuliondoa.

Maji yamejaa hadi ukingoni, migomba inangoja, na mfereji haufunguliwi mpaka jina litajwe. Nanyi msinijibu wote watatu, hilo ni jibu la mvivu. Je, ndiva iitwe ya nani?