Sange Apiga Mbiu ya Adhuhuri

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati ofisi zilikuwa hazijajengwa lakini makarani walikuwa wameshazaliwa, nchi ya wanyama ilikuwa na bwawa moja tu lisilokauka kiangazi. Kando ya bwawa kulikuwa na mwamba. Juu ya mwamba alikaa Mfalme Simba. Na chini kidogo ya Simba, pale mifupa inapodondokea, alikaa Fisi, Waziri wa Zamu.

Kazi ya Fisi ilikuwa kuhakikisha kwamba makabila mawili ya wanyama hayakutani majini. Swala wakinywa, pundamilia wako mbali. Pundamilia wakinywa, nyati wako mbali zaidi. Na kila zamu ikiisha, mnyama mmoja alibaki na mfalme. Hiyo iliitwa shukrani.

Walionung'unika, Fisi aliwajibu kwa upole wa kiserikali: "Ajabu! Wenzenu wote wameridhika. Wamenenepa, wanamwombea mfalme maisha marefu. Wakorofi ni nyinyi tu."

Basi kila kabila lilirudi malishoni na aibu yake.

Amri zilitolewa kwa mbiu. Fisi, mvivu wa kubeba, alitundika pembe moja katika kila malisho, na moja mwambani. Pembe ikilia, vuuuu!, ilikuwa desturi wanyama wote wainamishe vichwa mpaka pua ziguse majani, wala wasiinue hadi ilie tena. Hakuna aliyewahi kumtazama msoma amri. Ungekuwa utovu wa adabu.

Sasa, mnamjua Sange? Kimnyama cha kimo cha panya, miguu kama njiti, pua ndefu inayochezacheza kama inatafuta kitu ilichokisahau. Sange hakuwa na zamu. Yeye na mkewe, Bi Mashavu, walilea watoto wao kwa umande. Kiangazi kile umande ukakatika.

Kitinda mimba wao, Kidawa, akawa analala mchana kutwa, ulimi mkavu kama gome.

"Baba Kidawa," Bi Mashavu akasema, "mtoto halii tena. Angelia ningefurahi."

Sange akatoka mbio, pu-pu-pu-pu, hadi kwa Fisi.

"Shikamoo, mzee Waziri. Naomba zamu ya maji."

"Marahaba. Una kwato?"

"Sina."

"Makucha?"

"Ninayo haya hapa."

Fisi akainama, akakodoa macho. "Hayo makucha au mavumbi? Basi, kwenye kwato humo, na kwenye makucha humo. Zamu hupewa aliyemo."

"Lakini kiu ninayo, mzee."

"Kiu si kabila," Fisi akasema, akapiga miayo. "Rudi masika."

Sange akarudi kwa kutembea, jambo asilolizoea. Alipokuwa akikatiza malisho ya nyati, pembe ikalia. Vuuuu! Vichwa vikashuka, pwaa! Na Sange, kwa kimo chake, akaona kitu ambacho hakuna mwingine aliyeweza kukiona: macho yao. Macho makubwa, mekundu, yamejaa moto, kila jozi ikiyachoma majani yake peke yake.

"Sisi tu ndio wakorofi," nyati mmoja alinong'ona. "Pundamilia wameridhika."

Sange akapita kwa pundamilia. Vuuuu! Macho yale yale, moto ule ule. "Sisi tu," wakanong'ona. "Nyati wameridhika."

Manyoya yakamsimama Sange kutoka mkiani hadi utosini. "Salale!" akasema. "Nchi nzima inawaka moto, na kila mmoja anaomba radhi kwa moshi wake!"

Asubuhi iliyofuata, Fisi akiwa bado anakoroma juu ya mifupa, Sange alipanda mti kwenye malisho ya nyati, akachomeka pua yake ndefu ndani ya pembe, akavuta pumzi.

Vuuuu!

Pwaa! Vichwa chini.

"Kwa amri ya Aliye Juu ya Mwamba!" Sange akanguruma, kadiri alivyoweza. "Imeonekana vyema, baada ya kutafakari kwa kina, kwamba zamu yenu leo ni jua likiwa utosini. Njooni nyote pamoja na watoto. Makabila mengine hayatakuwepo."

"Sauti ya Waziri leo nyembamba," nyati mmoja akaguna.

"Ana mafua," mwenzake akajibu, macho yakiwa kwenye majani.

Akatoka hapo Sange, pu-pu-pu-pu, akaenda kwa pundamilia, kwa swala, kwa pofu, kwa ngiri. Amri ile ile. Hakuna aliyeinua hata kope.

Jua likafika utosini.

Kwanza ardhi ilianza kutetemeka, kwa mbali, kama ngoma inayopigwa chini ya udongo. Halafu vumbi likainuka mashariki. Likainuka magharibi. Likainuka kila upande mpaka jua likawa jekundu mchana kweupe, na ndani ya vumbi hilo zikatokea pembe, na milia, na pembe tena, na migongo isiyo na mwisho, kama nchi yenyewe imesimama na kuanza kutembea. Ndege waliokuwa bwawani waliruka wote kwa mpigo mmoja, kisha hawakuthubutu kulia.

Wanyama wakasimama, wakatazamana.

Pofu mmoja mzee akamwangalia pundamilia aliyekuwa mbele yake. "Mwanangu, mbona una mbavu? Tuliambiwa mmenenepa."

"Na nyinyi, bibi?" pundamilia akajibu. "Tuliambiwa mnashukuru."

Neno hilo likapita kundi kwa kundi, kama upepo unavyopita kwenye nyasi: *Na nyinyi? Na nyinyi? Kumbe na nyinyi?*

Juu ya mwamba, Simba akasimama. "Fisi! Huu ni uasi?"

"La, Mtukufu," Fisi akasema, mkia katikati ya miguu. "Ni... msongamano."

"Waambie waondoke!"

"Nianze na wepi, Mtukufu?"

Simba akanguruma mwenyewe. Nguruuuum! Wa mbele wakataka kurudi nyuma, lakini wa nyuma walikuwa na kiu na wakasukuma. Wa mbele wakasogea hatua mbele. Simba, aliyezoea kuona migongo, akaona nyuso zinamjia, akarudi nyuma kidogo. Wa mbele wakamwona anarudi nyuma. Hapo, wanangu, ndipo ushujaa ulipozaliwa: kwa kukosa mahali pa kugeukia.

Wakapanda mwamba kama mafuriko. Simba aliruka upande wa pili, puu!, akakimbia bila kuuliza njia. Pembe ya mwambani ikaanguka chini, kwenye msafara wa siafu. Na kwa kuwa ilinukia mafuta ya mdomo wa Fisi, siafu hawakuhitaji kualikwa.

Wanyama wakashangilia hadi milima ikaitikia. Lakini kabla Kidawa hajafika majini, Nyati mkubwa kuliko wote akajipandisha juu ya mwamba.

"Ndugu zangu!" akasema. "Tumekombolewa! Sasa, ili maji yasivurugike, sharti pawe na utaratibu. Kwato kwanza. Na katika kwato, sisi nyati kwanza. Mzee Fisi atatusaidia, ana uzoefu."

Fisi akatoka nyuma ya jiwe akijipangusa vumbi, kama mtu aliyechelewa kidogo tu kazini. "Iko wapi pembe yangu?"

Bi Mashavu alikuwa amesimama kati ya kwato, Kidawa mgongoni. "Baba Kidawa," akasema, "hii zamu mpya ina harufu ile ile ya zamani."

"Hii hapa pembe, mzee Waziri!" Sange akaita, akaisukuma kwa pua hadi miguuni pa Fisi.

Fisi akainua pembe. Na wallahi, wanangu, kabla hata haijalia, vichwa elfu vya mashujaa vikaanza kushuka.

Fisi akavuta pumzi ndefu. Vuu... "Yalaaa! Yala yala yalaaa!" Siafu puani! Siafu mdomoni! Akaitupa pembe, ikamwangukia Nyati shingoni, siafu wakaingia masikioni. Nyati akacheza ngoma isiyo na jina, huku na huku, kisha chubwi! Bwawani.

Vichwa vikainuka ili kuona. Kicheko kikalipuka.

"Mbiu ya asubuhi," Sange akapiga kelele katikati ya kicheko hicho, "niliipiga mimi!"

Kicheko kikakatika. Wakamtafuta kwa macho, mbele, nyuma, hadi wakamwona chini kabisa.

"Wewe?" pofu mzee akasema. "Tulimwinamia huyu?"

 Walikuwa wanamtazama kama wanavyotazama mlima. Kisha pofu akainua mguu wake mmoja taratibu, akausogeza kando. Pundamilia naye akasogeza wake. Swala. Ngiri. Njia nyembamba ikafunguka katikati ya msitu ule wa miguu hadi ukingoni, na Bi Mashavu akapita na mtoto mgongoni, mbele ya nchi nzima iliyosimama kimya. Kidawa akagusa maji kwa ulimi. Akanywa. Kisha, kwa sauti ya mdudu, akalia.

Kisa kimefika majini, nami nakiacha kinywe: kumshusha aliye juu ya mwamba ni kazi ya siku moja, kutoinamisha kichwa tena ni kazi ya kila siku.